Safu ya Nne ya Afande Penseli

Kikosi hiki kilipoteza ubao wake wa zamu siku ya Jumatatu, tarehe 3 Machi, saa mbili na robo asubuhi. Ulitolewa misumari minne, ukabebwa na watu wawili, ukaenda kulazwa stoo nyuma ya matairi. Aliyeuandika kwa miaka ishirini na miwili anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, saa kumi jioni, baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa, miezi minne na siku kumi na moja. Cheo chake ni sajini, kazi yake ukarani, na jina analojulikana nalo kambi nzima ni Afande Penseli.

Kijarida kimetupa kurasa mbili za kumuaga. Hazitoshi, ila tutajibana.

Alijiunga akiwa mpiga chapa. Kwa miaka saba ya mwanzo alikaa chumba cha nyuma cha ofisi ya utawala, akipiga barua za watu wengine kwenye mashine ambayo herufi yake ya "a" ilikuwa inaruka juu kidogo ya mstari. Wa zamani wanasema barua yoyote iliyotoka kambini ungeitambua kwa zile "a" zinazorukaruka, na wanasema pia kwamba haikuwahi kutoka yenye kosa. Siku hizo orodha ya zamu ilikuwa mikononi mwa koplo mmoja, au tuseme mfukoni mwake, maana hakuna aliyewahi kuiona ikiwa imefunguliwa. Ulijua una lindo pale unapoitwa. Ukiuliza mbona fulani haitwi, koplo anapapasa mfuko, anatikisa kichwa, anasema, "Huyo ana kazi yake." Kazi gani, hakuna aliyejua, na fulani mwenyewe hakuwa na haraka ya kueleza.

Koplo alipohamishwa, orodha akapewa mpiga chapa, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri. Nadhani waliompa hawakujua wanachokifanya.

Wiki ileile alichukua karatasi ya manila, akaipiga mistari kwa rula, akaiweka nyuma ya kioo kwenye baraza ya ofisi ya zamu, kati ya mlango na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Safu ya kwanza aliandika jina. Ya pili, mahali pa kulinda: geti, stoo, au tangi la maji. Ya tatu, saa. Safu hizo tatu zipo kila kambi duniani. Ya nne aliibuni yeye, akaipa kichwa cha maneno matatu: Kwa nini hayumo. Kila askari na kila koplo aliandikwa kwenye karatasi ile. Mwenye zamu aliandikiwa saa yake. Aliyesamehewa zamu aliandikiwa sababu, na baada ya sababu, tarehe ambayo msamaha wake unakwisha. Vyote kwa penseli, kwa kuwa, alisema, mambo ya watu hubadilika na yeye hana muda wa kukwangua wino.

Wengi walidhani ni mchezo hadi ilipofika habari ya kinyozi.

Kinyozi wa maofisa alikuwa askari kama sisi, na ofisa mmoja alituma ujumbe kwamba aondolewe kwenye lindo kwa sababu ya umuhimu wa kazi yake. Afande Penseli hakubisha. Alimtoa, na kwenye safu ya nne akaandika neno moja: Ananyoa. Kufika saa nne asubuhi kambi nzima imeshasoma. Saa sita, kinyozi akipita karakana, mafundi saba waliacha spana zao, wakasimama wima na kuupigia mkasi wake saluti. Saa tisa alikuwa kwenye baraza amekunja kofia mkononi. "Afande, nirudishe lindoni," alisema. "Hata tangi la maji, hata leo. Watu hawanipi amani." Afande Penseli akachukua kifutio, akafuta, akamrudisha. Wala hakumcheka, japo wanaomjua wanasema alikaa na kifutio kile mdomoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Asidhani mtu kwamba alikuwa adui wa misamaha. Mwaka wake wa pili ubaoni, fundi mmoja wa karakana, ambaye ndiye anayeandika haya, alimwendea na hesabu ya kwenye karatasi ya sigara kumwuliza wapishi sita wana nini hata wasilinde. Fundi huyo alikuwa amejiunga kama mfagiaji, hesabu amejifunzia kwenye vipimo vya nati, na alikuwa na hakika nayo. Afande Penseli aliisoma ile karatasi hadi mwisho, akasema, "Hesabu yako ni nzuri, kaka. Ina nusu tu ya namba." Akampangia wiki moja jikoni. Fundi akaingia na saa yake ya mkononi, akahesabu. Mpishi alifanya kazi saa kumi na tatu kwa siku, siku saba, jumla saa tisini na moja. Mtu wa karakana, ukimwongezea na zamu yake, alikuwa hafikishi saa hamsini na tano. Siku ya saba fundi alirudi barazani mikono ikinuka vitunguu, akaomba ile karatasi yake aichane. "Iache," Afande Penseli akamwambia. "Siku moja utaihitaji kwa ajili ya watu wengine." Ipo mpaka leo.

Kwa hiyo kanuni yake ilieleweka. Kazi ambayo tayari inakula Jumapili za mtu, mtu huyo anasamehewa lindo. Wapishi sita, watu wa zahanati wanne, watu wa chumba cha redio wanne ambao wenyewe wanakesha kwa kupokezana, na dereva mmoja wa mkuu wa kikosi ambaye huitwa saa yoyote. Jumla kumi na watano. Bendi walisamehewa wiki ya gwaride kubwa, na tarehe ya mwisho ikaandikwa. Wanamichezo walisamehewa wiki ya mashindano, na tarehe ya mwisho ikaandikwa. Alikuwa akisema msamaha usio na tarehe ya mwisho unageuka cheo, na vyeo havigawi yeye.

Aliwahi kukosea, na hili tulisimulie kwa kuwa linaonyesha tulivyokuwa. Jumapili moja alimwandika mtunza stoo mara mbili, getini na kwenye tangi la maji, saa zilezile. Mtu wa kambi nyingine angekwenda kuuliza. Wetu walikuwa wameamini ubao kiasi kwamba mtunza stoo alisoma, akavuta pumzi, akafunga kamba za viatu. Alilinda robo saa getini, akakimbia kwenye tangi, akalinda robo saa, akarudi. Mita mia nne za uwanja, mara thelathini na moja, yaani kilomita kumi na mbili na ushee, na sare kamili mwilini. Saa ya mwisho watu walikuwa wametoka mabwenini kumshangilia. Jumatatu Afande Penseli alipogundua, alijipanga mwenyewe Jumapili mbili mfululizo badala ya mtunza stoo, na kwenye safu ya nne, mbele ya jina la yule bwana, akaandika: Kosa langu. Mtunza stoo anasema hajapata medali nyingine, na hiyo inamtosha.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawakuliona, maana lilikuwa wazi mno. Makarani hawakuwa wakilinda kabla yake. Yule koplo hakujipanga hata siku moja. Afande Penseli alijiandika kila mwezi mara moja, siku zote Jumapili, siku zote mchana. Fundi amezihesabu kwenye manila za zamani, ambazo mwenyewe alizitunza zimeviringwa kwa mpira: Jumapili kumi na mbili kwa mwaka, miaka ishirini na miwili, mia mbili sitini na nne. Hakuna aliyemlazimisha. Alipoulizwa alijibu kwamba mtu anayegawa chakula lazima na yeye ale kilekile.

Na chakula chenyewe kilikuja. Mume wake ni fundi cherehani mjini. Raia haruhusiwi kuvuka kizuizi, kwa hiyo kila Jumapili yake ya getini shemeji yetu alikuja na hotpoti, akakaa kwenye benchi la nje. Afande Penseli akipokewa zamu kwa dakika ishirini za kula, aliketi upande wa ndani, kwenye kigoda, na kizuizi chenye rangi nyeupe na nyekundu kikawa ndiyo meza yao. Tulimwita Shemeji wa Kizuizi. Binti yao alifanyia kazi za shule kwenye benchi lile hadi likawa dogo kwake. Leo ni muuguzi, na husema alijua namba kabla ya kwenda shule, kwa kusoma za magari yanayoingia. Shemeji naye alishatuandikia barua ya mdomo kupitia mlinzi wa geti, kwamba mke wake alituazima tu sisi jeshi, na sasa anaomba arudishiwe, hata akiwa amechakaa kidogo.

Tukiulizwa tunakosa nini tangu Machi, tutasema zamu, lakini si zamu peke yake. Safu ya nne ndiyo ilikuwa gazeti letu. Ndiyo iliyotuambia: Mama yake anaumwa, hadi tarehe 9. Ndiyo iliyosema: Amepata mapacha, hadi tarehe 20, tumpe hadi 25. Ndiyo iliyosema kuhusu mpaka rangi mmoja ambaye hakuwa akizungumza na yeyote: Amefiwa na kaka, msimuulize mengi. Ulisoma ukiwa umeshika kikombe cha chai, ukaenda kazini unajua nani wa kumshika bega. Watu tuliopishana miaka bila salamu tulijuana kwa penseli ile. Sasa ukutani pamebaki pembenne nyeupe, palipofunikwa na ubao miaka yote hiyo wakati rangi nyingine ikififia. Kila asubuhi bado kuna mtu anasimama pale. Anatazama ukuta, anajikuna, anaondoka. Nimesimama pale mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika.

Tarehe 3 Machi ilikuja karatasi iliyochapwa kutoka ofisi ya utawala. Ni safi, imenyooka, na ina safu tatu. Ya nne haimo, wala aliyesamehewa hana mstari wake. Ambaye hayumo, hayumo tu. Tulichukua wiki mbili kugundua nani hayumo, kwa kukaa chini na kukumbuka majina kama watu waliopotezana sokoni. Wameongezeka makarani wanane, bendi wote kumi na wawili, madereva wanne wa maofisa, na wanamichezo tisa. Thelathini na watatu. Ongeza kumi na watano wa zamani, unapata arobaini na wanane. Sisi askari na makoplo ni tisini na sita. Nusu kamili ya kikosi inalindwa na nusu nyingine.

Lindo kwa siku linataka watu tisa. Zamani tulikuwa themanini na mmoja, kila mtu akarudi baada ya siku tisa. Sasa tuko arobaini na wanane, unarudi baada ya siku tano na kitu. Kwa mwaka, zamu arobaini zimekuwa sitini na nane. Hizo ishirini na nane za juu ni karibu mwezi mzima wa maisha ya mtu, na zimechukuliwa bila kuandikwa popote kwamba zimechukuliwa.

Ofisi iliulizwa kwa mdomo, ikajibu kwamba hizo ni kazi maalumu. Sawa. Mpishi ni kazi maalumu, na tuliambiwa kwa nini, na saa zake tulizihesabu. Mpiga ngoma wa bendi, ambaye ni rafiki yetu na hatuna ugomvi naye, tulimwuliza yeye umaalumu wake mwezi wa Aprili usio na gwaride hata moja ulikuwa upi. Alicheka kwa aibu. "Mimi sikuomba," alisema. "Niliangalia karatasi, jina langu halipo, nikanyamaza. Wewe ungepiga kelele?" Jibu la kweli ni kwamba pengine nisingepiga. Ndiyo maana ilikuwepo safu ya nne, ili mtu asitegemee ujasiri wa rafiki yake.

Tarehe 10 Mei, Jumamosi, mdogo wa mwisho wa fundi aliolewa. Fundi alikuwa getini. Hapakuwa na mahali pa kuandika sababu, na aliyechapa karatasi alisema mpango umeshafungwa. Saa tano asubuhi wanabendi wawili walipita wamevaa vizuri, wanakwenda mjini kutembea. Fundi aliwainulia kizuizi. "Pole, kaka," wakamwambia, na walimaanisha. Siku hiyo harusi ilifungwa huku kaka wa bibi harusi akisoma namba za magari.

Sasa mtaona tunavyomjua Afande Penseli. Tarehe 3 Machi yeye ndiye aliyefaidika. Ni karani. Kwa mara ya kwanza tangu ashike orodha, jina lake halikutakiwa lindoni, na alikuwa amebakiza miezi mitatu na ushee. Angeweza kukaa kwake na kuzihesabu Jumapili zikipita. Badala yake aliandika barua. Ya kwanza tarehe 10 Machi, ya pili tarehe 14 Aprili, ya tatu tarehe 19 Mei. Zote tatu ni swali lilelile, mistari minne, kwa wino safari hii. Zote tatu zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Hakulalamika hadharani, na pengine hatapenda kuona haya yamechapwa. Atusamehe, na tarehe ya mwisho ya msamaha huo aipange mwenyewe.

Wiki iliyopita alikwenda ofisini na ombi dogo. Jumapili ya tarehe 22 ilikuwa ya mwisho kwake akiwa na sare, akaomba apangwe kwenye tangi la maji, saa za asubuhi, kama alivyopangwa tarehe 2 Machi, siku ya mwisho ya ubao. Kijana wa kompyuta alikuwa na adabu. "Afande, mfumo haukubali," alimwambia. "Makarani mmesamehewa." Afande Penseli akasema, "Basi mfumo haunijui," akashukuru, akatoka.

Jumapili alikuja hata hivyo. Alikuja kwa nguo za nyumbani, gauni alilolishona mume wake, na hotpoti aliishika yeye. Wakaketi wote wawili kwenye benchi la nje. Ilikuwa mara ya kwanza tuwaone wakila upande mmoja wa kizuizi. Shemeji alikuwa anaongea na kucheka, mtu aliyepata alichokingoja. Yeye alimjibu, akamwekea chakula, akamfuta bega lenye uzi. Lakini kila baada ya muda kidogo alinyanyua macho juu ya paa la stoo, kwenye tangi, kuona kama kuna mtu. Alikuwepo. Alikuwa mtunza stoo, zamu yake ya ishirini na mbili tangu Machi. Kwa hesabu ya zamani ingekuwa ya kumi na tatu. Alimpungia mkono kutoka kule juu. Afande Penseli akampungia pia, akainamisha uso kwenye sahani.

Afande, asante kwa karatasi elfu moja na ushee za manila, moja kila wiki, kwa kifutio kilichokwisha hadi kikabaki kama punje, na kwa kutuandika wote, wenye zamu na wasio nazo. Asante kwa Jumapili mia mbili sitini na nne ambazo zilikuwa za shemeji na binti yenu mkatupa sisi. Tunakuombea uzima, magoti yasiyouma, na Jumapili hamsini na mbili kwa mwaka, zote zako, usimgawie mtu hata moja.

Limebaki jambo moja, na hili ni kwa ofisi ya utawala. Hadi saa kumi jioni siku ya Ijumaa aliyeandika zile barua bado ni askari wa kikosi hiki, na askari aliyeuliza mara tatu anastahili kujibiwa akiwa bado na sare mwilini. Ubao upo stoo, kioo hakijapasuka, tumeufuta vumbi. Misumari minne anayo fundi wa karakana. Swali ni lilelile la tarehe 10 Machi: je, kila anayesamehewa zamu ataandikwa sababu yake na tarehe yake ya mwisho, mahali ambapo wote tunasoma? Hatuombi kikao wala kamati. Tunaomba neno moja, libandikwe kwenye ule weupe wa ukuta wa baraza kabla ya saa nne asubuhi, Ijumaa tarehe 27 Juni, ili alisome yeye mwenyewe akipita kwenda kuagwa. Ndiyo, au hapana?